Ukoko wa Alhamisi

Novemba ikishaingia, kazini swali huwa ni lile lile: "Alhamisi utakula wapi?" Anayeuliza huuliza kwa wema, na uso wake unasubiri jibu lenye watu wengi ndani yake. Mimi nahudumia wazee hapa Lowell, Massachusetts, na Alhamisi inayosemwa ni ya Thanksgiving, Siku ya Shukrani, ambayo Wamarekani huvuka majimbo kwenda kuila na jamaa zao. Nilipofika 2021 sikuwa na jamaa wa kumwendea. Swali lilinitia aibu, nikadanganya kwamba nina binamu Boston.

Mtu wa pwani ataielewa aibu ile bila kufafanuliwa. Nimelelewa kwenye sinia. Nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, tulikuwa watoto saba. Mkeka ulitandikwa, maji yakapitishwa tunawe, sinia likatua katikati, na kila mkono ulijua upande wake. Ukivuka kwenda kwa mwenzio ulirudishwa kwa jicho tu. Aliyekula peke yake alikuwa mgonjwa, au amenuna, au mchoyo. Sikuwahi kuona aina ya nne. Basi nilipojikuta kwenye chumba cha ghorofa ya kwanza, sahani moja na kijiko kimoja, niliona nimeingia katika mojawapo ya hizo tatu, na sikujua ni ipi.

Mwaka wa pili mfanyakazi mwenzangu alinialika kwao. Walinikaribisha vizuri, Mungu awalipe. Nyama haikuwa halali kwangu, nikala viazi na mahindi, nikacheka wanapocheka, nikasaidia kuosha vyombo. Niliporudi usiku nilikuwa nimechoka kuliko siku ya shifti mbili mfululizo. Nilijilaumu sana kwa uchovu ule. Mtu amekufungulia mlango wake, nawe unarudi kwako kama uliyetua mzigo! Leo sijilaumu tena. Ugeni ni kazi, hata kwa wenyeji wema, na mwaka ule nilikuwa nimefiwa na baba miezi michache nyuma. Makaratasi yangu hayakuniruhusu kusafiri, nikamzika kwa simu. Nilihitaji mahali pa kunyamaza, na nyumba ile ilijaa furaha ya wenyewe.

Mwaka wa tatu, 2023, nikasema nitapika. Nilikwenda kwa muuza nyama wa halali Jumatano jioni nikanunua bata mzinga aliyegandishwa, ratili 12, kwa kuwa nilidhani siku hiyo bila bata mzinga haihesabiki. Nikamweka kwenye friji nikalala. Asubuhi alikuwa jiwe. Mchana alikuwa jiwe. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba nyama ya namna hiyo huyeyuka kwenye friji kwa kiasi cha siku nzima kwa kila ratili nne au tano, maana yake yule wangu alitaka kuanza Jumatatu. Nilivaa koti nikatoka kutafuta chochote cha kupika. Sikujua kwamba sheria ya Massachusetts huzifunga supamaketi siku hiyo. Barabara ilikuwa tupu, taa za maduka zimezimwa, na kutoka madirishani ilinijia harufu ya vitunguu na siagi ya watu wengine. Nikarudi, nikachemsha tambi za pakiti, nikazila nimesimama kwenye sinki, mbio mbio, kama mtu anayeiba.

Ile hali ya kusimama ndiyo iliyoniuma, kuliko tambi zenyewe.

Desemba nilimsimulia bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia. Alikuwa na miaka tisini na moja, mjane wa muda mrefu, na mikono iliyokuwa ikitetemeka lakini haikubali kulishwa. Aliniambia kwamba kabla hajaletwa pale kazini kwangu alikula Siku ya Shukrani peke yake kwa miaka kumi na minne, na kila mwaka alitandika kitambaa, akatoa sahani za kaure za arusi yake, akavaa mkufu. Nikamuuliza, kwa ajili ya nani? Akanitazama kama aliyesikia swali la mtoto. Akaniuliza naye: siku ile ulipokula umesimama, ni nani aliyekuwa akikuangalia hata ukaona haya?

Sikuwa na jibu, na sikulipata mpaka alipofariki majira ya joto yaliyofuata. Lakini nilianza kujichunguza. Niligundua kwamba kwa miaka mitatu nilikuwa nikijipikia kama anavyopikiwa mgonjwa asiyejua ladha: wali wa maji, kuku wa kuchemsha, kila kitu kwenye chungu kimoja, haraka. Nazi sikuikuna hata siku moja. Mbuzi ya kukunia niliyoibeba kutoka Mombasa ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa kwenye leso, na nilikuwa nimeshajiambia kwamba nazi ni kwa wageni, na wageni hawapo.

Oktoba ya 2024 nilikuwa natia alama za shifti kwenye kalenda nikaona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu muda wote. Sikukuu yao haiangukii siku nyingine ila Alhamisi. Rais Lincoln aliitangaza mwaka 1863, katikati ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, baada ya mjane mmoja mhariri wa gazeti, Sarah Josepha Hale, kuandika barua kwa wakubwa mwaka baada ya mwaka; Lincoln aliitaja Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Mwaka 1941 bunge lao likaifunga kwa sheria kwenye Alhamisi ya nne. Na kwetu Alhamisi jua likishazama huwa usiku wa Ijumaa umeingia. Mama hutia udi kwenye chetezo akazunguka nao vyumba vyote, mpaka nyuma ya milango. Baba alikuwa akikaa barazani akisoma Yasini kwa ajili ya waliotutangulia, akiwataja kwa majina, na mkate au sahani ya chakula ikapelekwa kwa jirani kuwa sadaka yao. Nikiwa mtoto nilidhani dunia nzima inanukia udi siku ya Alhamisi.

Nilikaa na kalenda ile mkononi. Kumbe siku niliyokuwa naikimbia ilikuwa na mlango wa kwetu ndani yake.

Nikaomba ruhusa ya siku moja. Wenzangu wakauliza utakula wapi, nikawajibu kwangu. Wawili walinihurumia mpaka wakanialika upya. Niliwashukuru, nikasema hapana, na kusema hapana kwa upole, bila kisingizio cha binamu, kulinichukua nguvu nyingi kuliko mapishi yenyewe.

Jumanne nilikwenda sokoni. Lowell ina Wakambodia wengi sana, na Mswahili akiingia katika maduka yao hujihisi amekaribia nyumbani: nazi, ndizi mbichi, muhogo, majani ya mchaichai, papai, ndimu. Boga nilichagua lile dogo la ganda la kijani wanaloliita kabocha, maana nyama yake ni kavu ya unga unga kama boga la kwetu. Yale makubwa ya rangi ya chungwa yanayopangwa kwenye ngazi za nyumba yana maji mengi, hayafai kupikwa kwa nazi. Nilipolishika boga lile nilikumbuka kwamba asili ya maboga yote ni bara hili la Amerika, pamoja na mahindi, muhogo, viazi vitamu na pilipili. Yalivuka bahari kuja kwetu karne nyingi zilizopita, tukayatia tui, tukasahau kama yalikuwa wageni. Jambo hili lilinipa faraja ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Bata mzinga nilimwacha. Nilichukua kuku mzima wa ratili tatu, wa halali. Na hili namwambia kila anayekula siku hiyo peke yake: usipike chakula cha watu kumi na wawili kwa sababu picha inasema hivyo. Punguza kiasi, usipunguze kazi. Kuku mdogo aliyekaa usiku kucha na thomu, tangawizi, ndimu na chumvi ni karamu. Pakiti ndogo ya kranberi nayo niliichukua, kwa sababu ni tunda la hapa hapa; Massachusetts huzilima kwenye mabwawa, na kati ya majimbo ya Marekani hushindwa na Wisconsin tu. Ni chachu kama ukwaju. Wao huzipika na sukari zikawa jamu. Mimi nilizipika ziwe achari: sukari kidogo, siki, tangawizi, pilipili kavu. Zikishapata moto hupasuka moja moja, pa, pa, na sufuria yote ikawa nyekundu kama hina.

Siku yenyewe ilipambazuka na mvua ya baridi. Saa nne asubuhi nikampigia Mama, kwake ikiwa saa kumi na mbili jioni, naye anasubiri adhana ya Magharibi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona nasikia mbuzi?"

Alikuwa amesikia mbuzi ikikwaruza nazi. Nilikuwa nimeikalia jikoni, simu nimeiegemeza kwenye gunia la mchele. Akanyamaza kidogo akisikiliza. Halafu akaanza kuniongoza kama nilivyokuwa na miaka tisa: tui la kwanza usilichanganye, kasimele iweke mbali, boga lipike kwa tui la pili kwanza, iliki iponde usiitie nzima. Nilikuwa nayajua yote. Nilimwacha aseme. Hakuniuliza nakula na nani, na nafikiri alikusudia asiniulize.

Runingani kulikuwa na lile gwaride la Siku ya Shukrani la duka la Macy's kutoka New York, lililoanza 1924, kwa hiyo lilikuwa limetimiza miaka mia. Maputo makubwa yanapita juu ya watu waliolowa chepechepe na bado wanapunga mikono. Nililiacha likiendelea bila sauti. Kukuna nazi kunataka masikio: ukifika karibu na kifuu sauti hubadilika, na hapo ndipo pa kusimama, la sivyo tui huingia weusi. Kwenye kifumbu nilikamua mara tatu. Mikono yangu ilikuwa imesahau, lakini kufika kamuo la tatu ilikumbuka.

Saa sita mchana nilizima moto wote kwa muda. Plymouth iko mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari kutoka kwangu. Huko ndiko waliposherehekea mavuno mwaka 1621 wale Waingereza waliokuja kwa meli ya Mayflower ambao karibu nusu yao walikuwa wamekufa baridi ya kwanza, na Wawampanoag, wenyeji wa asili wa huko, wapatao tisini wakaja na mfalme wao Massasoit, wakakaa nao siku tatu. Edward Winslow aliyekuwapo aliandika kwamba Wawampanoag waliwinda wakaleta kulungu watano. Watu wengi hukomea hapo kwenye hadithi. Yaliyofuata ni ardhi kuchukuliwa na watu kumalizwa, na ndiyo sababu tangu 1970 wenyeji wa asili hukusanyika kwenye kilima cha Cole's Hill, pale pale Plymouth, saa sita ya siku hii, kuomboleza. Mimi ni mgeni katika nchi ambayo wenyewe wapo na wanalia. Siwezi kula kana kwamba sijui. Basi nilikaa kimya robo saa, mvua inapiga kioo, nikawasomea Fatiha wafu wangu na nikawaombea rehema wafu wa ardhi inayonilisha. Mtu aliyelelewa kwenye hitima hashangai shukrani na msiba kukaa mkeka mmoja. Sisi tunapika pilau siku ya arobaini.

Kisha nikarudi jikoni, na hapa niseme kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo siku ilipokuwa tamu. Kuku nilimchoma kwenye oveni, moto wa juu, mpaka ngozi ikaanza kuungua pembeni. Tui la kasimele nililitia thomu, manjano, pilipili mbichi iliyopondwa na chumvi, nikalikoroga kwa moto mdogo bila kuliacha, maana tui likiachwa hukatika. Likawa zito, linashika mwiko. Nikampaka kuku, nikamrudisha motoni, nikampaka tena, mara tatu. Nikiwa na haraka huwa nampaka mara moja na anayekula hajui tofauti. Siku hiyo anayekula nilikuwa mimi, na mimi najua.

Boga lilichemka polepole na iliki na sukari kiasi mpaka tui likabaki limelivaa tu. Wali nilipika kikombe kimoja na nusu cha mchele kwenye sufuria ndogo nzito. Ulipokauka nilitaka kuupalia. Mama huweka makaa juu ya mfuniko. Mimi sina makaa, nikaiingiza sufuria ndani ya oveni iliyopunguzwa moto, nikaiacha humo dakika ishirini na tano. Tui la kopo silibagui, siku za kazi ndilo linaloniokoa, lakini harufu iliyotoka mfuniko ulipofunuliwa haimo ndani ya kopo lolote.

Nilitandika mkeka chini. Juu yake nikaweka kitambaa cheupe cha pamba nilichokinunua kwa yadi, kile ambacho bibi zetu walikiita marekani. Jina lile halikutoka hewani: karne ya 19 meli za Salem, bandari ya hapa Massachusetts, zilipeleka Unguja nguo iliyofumwa kwenye viwanda vya jimbo hili. Viwanda vya zamani vya Lowell bado vimesimama kando ya mifereji, matofali mekundu, na vingine sasa wanaishi watu ndani yake. Nilikilaza kitambaa nikakinyoosha kwa viganja. Sinia dogo nikaliweka katikati: wali, kuku wa kupaka, boga, kachumbari, na achari ya kranberi pembeni. Nilivaa dera jipya. Nilivaa herini. Nikanawa, nikasema Bismillahi kwa sauti, nikala kwa mkono, nimekaa.

Nilikula taratibu kwa muda wa saa nzima. Mwanzoni sikio lilikuwa linatafuta sauti za wenzangu. Baada ya matonge kadhaa likatulia. Nilimla kuku kuanzia bawa, sehemu niliyokuwa nikipewa utotoni, halafu paja, ambalo lilikuwa la Baba. Paja lile lilinitoa machozi, na sikuyafuta upesi. Hapakuwa na wa kumficha.

Kabla giza halijaingia nilipakua sahani moja, nikaifunika kwa kawa, nikampelekea jirani wa juu yangu, mama mtu mzima wa Kikambodia ambaye maneno yetu ya pamoja hayazidi ishirini. Alifunua akanusa, akaniambia neno moja: "Nazi." Kwa Kiingereza, lakini kwa uso wa mtu aliyemwona ndugu yake. Hakunikaribisha ndani wala mimi sikungoja. Jumamosi sahani ilirudi na machungwa manne juu yake. Kumbe na kwao sahani hairudi tupu.

Hapa jua la mwisho wa Novemba huzama saa kumi na robo. Nilifungua dirisha inchi mbili kwa ajili ya king'ora cha moshi, nikaweka udi kwenye chetezo, nikazunguka chumba changu chote, safari ya hatua kumi na moja, mpaka nyuma ya mlango. Niliposwali Magharibi nilisoma Yasini. Nikawataja. Baba nilimtaja kwanza, kwa jina lake kamili, kwa sauti, katika nyumba ambayo hakuwahi kuiona. Miaka miwili nilikuwa sijaweza.

Usiku vyombo vilikuwa vimeshaoshwa, kuku aliyebaki nimemweka kwenye friji awe kiporo cha Ijumaa. Imebaki sufuria ya wali. Katika watoto saba ukoko ulikuwa wa kitinda mimba, na mimi nilikuwa wa tatu. Nimekua nikiusikia ukikwanguliwa na mkono wa mwingine. Niliingiza mwiko pembeni nikausukuma. Ukaachia wote kwa mara moja, duara zima, rangi ya dhahabu, unanukia nazi iliyoungua kidogo. Nikaupiga picha, nikamtumia Mama, nikakaa nao dirishani nikiuvunja vipande vipande.

Saa tatu usiku simu ikalia. Kwake ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, ameshaswali. Ujumbe wa sauti, na nyuma yake majogoo wa Mji wa Kale.

"Nimeuona," alisema. "Usimwachie mtu."